Mkono wa Kiroboto

3 Februari

Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na bado kwenye nyumba ileile, maana ya mwisho niliyokuandikia ilirudi na mihuri minne bila kufunguliwa. Sisi tupo. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, atarudi mwisho wa mwezi kama mzigo hautakwama njiani. Goti la Baba limepata nafuu kidogo, siku hizi anatembea mpaka barabarani na kurudi. Kiwandani wametuletea mashine mpya ya kukatia karatasi, inapita kwenye rimu nzima kama inakata mkate. Mimi bado nipo kwenye meza ya kushona vitabu, sindano mkononi na gundi mpaka kwenye nyusi. Naandika na sipigi simu kwa sababu unajua simu zetu zinavyokwenda: dakika ya kwanza salamu, ya pili tunabishana, ya tatu mtu amekata.

Sasa lililonifanya nikae kitako nikuandikie. Mpwa wako ametimiza miaka minane. Mara ya mwisho ulimwona akiwa mgongoni kwangu, siku tulipomzika Mama, na hata hivyo uliondoka kabla watu hawajakaribishwa kula. Jina lake la cheti halitumiki. Mtaa mzima unamwita Kiroboto, kwa sababu hatulii. Anaimba kwaya ya shule. Anacheza mpira wa miguu na watoto wa nyuma ya nyumba. Anachora. Anapuliza filimbi, ingawa anachopuliza hakijawa wimbo bado. Shuleni ana miche sita ya nyanya na kila mmoja ameupa jina. Na tangu mwaka jana anacheza mpira wa meza.

Najua umeshaiweka barua chini. Iokote.

Kocha wake anasema mtoto ana mkono. Kwenye mashindano ya watoto amewafunga wenye miaka kumi na mmoja, kaka, watoto wanaomzidi kichwa na mabega. Klabu wameniletea fomu. Mwezi wa nane wanafungua kituo cha mafunzo, cha bweni, watoto kumi na wawili tu, na wanamtaka. Sharti limeandikwa kwenye kipengele cha tano: mzazi anakubali kwamba mtoto hatashiriki mchezo, kikundi wala shughuli nyingine yoyote. Yoyote. Maana yake hata nyanya.

Fomu inatakiwa mwisho wa Aprili. Silali vizuri. Nikiwaza kumpeleka naona namfunga kamba, nikiwaza kumnyima naona namkata mkono. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeanza na miaka sita akafika mbali. Basi nakuuliza wewe: mtoto mdogo apewe kitu kimoja akishike, au aachwe aonje huku na kule?

Usinijibu kwa mafumbo.

Mdogo wako.


19 Machi

Mdogo wangu,

Nyumba ni ileile, aliyebadilika ni mwenye nyumba, na huyu mpya alikuwa anarudisha barua zote posta kama vile zina ugonjwa. Nimeshaongea naye. Nisamehe kwa kuchelewa. Nimefurahi kusikia goti la nyumbani lina nafuu, na shemeji mpe pole ya barabara.

Hapa kazi imetubana. Tuna jengo la ghorofa kumi na moja ambalo lifti yake ina tabia ya kusimama kati ya ya nne na ya tano, si juu si chini. Tumebadilisha breki, tumebadilisha waya, tumeapizana na mwenzangu kwamba ni yeye aliyekaza vibaya. Juzi ilimfungia ndani mama mmoja na mtungi wa gesi kwa dakika arobaini. Tulipofungua mlango hakutukana. Alituangalia tu kisha akapanda kwa ngazi na mtungi wake. Bora angetukana.

Kuhusu mtoto: wewe ndiye mama yake, utajua. Mimi raketi sijaigusa mwaka wa ishirini na mbili huu, ushauri wangu umeota kutu. Hiyo filimbi anayopuliza ni ya mbao au ya plastiki? Za plastiki zinapasuka upesi na sauti yake inakera. Ukisema nitatafuta ya mbao huku.

Huyo kocha wao anawafundisha vipi? Nauliza tu.

Kaka yako.


2 Aprili

Kaka,

Sisi wazima, ahsante. Shemeji yako alirudi, akalala siku mbili, akaondoka.

Wiki sita nasubiri jibu, unaniuliza filimbi! Ni ya plastiki na imeshapasuka. Umeridhika?

Umeuliza anafundishwa vipi. Haya, ngoja nikuambie. Siku sita kwa wiki baada ya shule. Kwanza anakimbia kuzunguka ukumbi. Halafu anapiga mpira ukutani huku anahesabu kwa sauti, kuanzia mia kurudi nyuma. Akikosa, hata kama amefika mbili, anarudi mia. Hakemewi wala hagombezwi. Kocha anasema tu, "Mia," kwa upole, na mtoto anaanza upya. Sasa anahesabu kila mahali. Anahesabu akipiga mswaki. Anahesabu ngazi za shule, na wiki iliyopita alichanganya hesabu karibu na juu kabisa, akashuka mpaka chini kupanda tena, akachelewa darasani. Mwalimu wake alinisimulia anacheka. Mimi nilicheka pia. Halafu nikaacha kucheka, yeye akaendelea.

Kiwiko kinamuuma. Muuguzi alisema apumzike wiki mbili, kocha akasema siku nne zinatosha.

Najua hapo ulipo unatikisa kichwa. Lakini kaka, nisikilize na mimi. Mimi ndiye niliyeonja. Unakumbuka? Nilisuka vikapu nikaacha, nikaingia ngoma nikaacha, nikaigiza, nikajifunza kupiga taipu, nikasoma uuguzi miezi mitano nikazimia nilipoona damu. Hakuna aliyenikataza na hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa kama mbuzi aliyefunguliwa, kila mtu anasema muacheni, atarudi jioni. Leo nina miaka thelathini na sita na hakuna kitu hata kimoja ninachokijua kiasi cha mtu kusimama kunitazama. Vitabu ninavyoshona, mtu akivifungua haoni uzi.

Mwanangu ana kitu. Watu wanasimama. Nimewaona wakisimama.

Sasa nijibu kama mtu mzima.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Kuhesabu kutoka mia kurudi nyuma.

Kocha ni nani? Nijibu hilo tu, kwa posta ya haraka. Salamu zitafuata nikipata jibu.

Kaka.


24 Aprili

Kaka,

Unajua ni nani.

Sikukudanganya, nilikuficha, na wewe mwenyewe umeandika kurasa mbili bila kulitamka neno Baba. Umesalimia goti! Umefurahi kusikia goti la nyumbani lina nafuu, kama vile goti linaishi peke yake.

Basi sikiliza. Baba alianguka uani mwaka juzi na tangu hapo anakaa kwangu. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani. Mwaka mzima alikaa kwenye dirisha lile. Nilikuwa nampa chai asubuhi, nikirudi kazini naikuta, imeshika utando. Nilikuwa namshika kwapa kumpeleka msalani. Siku moja Kiroboto akarudi kutoka shuleni na raketi kuukuu aliyoazimwa, mpira wa usoni mwake umebanduka nusu. Baba akamwita, akamwambia, "Hebu nione unavyoishika." Akaitazama. Halafu akasimama. Peke yake, kaka, bila kushika ukuta, ili amrekebishe kidole.

Tangu siku hiyo ni mtu mwingine. Ananyoa ndevu. Klabu wamempa watoto wadogo awafundishe bila malipo, na wanamwita Mwalimu. Kwa Kiroboto ni mpole mpaka namshangaa. Anacheka naye.

Na kuna lingine, ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata shemeji yako. Ile siku ya fainali yako, ulipoiweka raketi mezani ukatoka mlangoni watu wakikutazama, mimi nilikuwa jukwaani shuleni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa hakimu kwenye mchezo wa kuigiza, nimevaa joho la pazia, nina mistari arobaini na sikukosea hata mmoja. Kwenye safu ya mbele nilikuwa nimeweka sweta langu juu ya viti viwili, cha Baba na cha Mama. Sweta lilikaa pale mpaka mwisho. Niliporudi nyumbani nikakuta watu wanalia, nikadhani kuna msiba. Mwaka mzima hakukuwa na habari nyingine ila wewe, halafu miaka yote iliyofuata ikawa marufuku hata kukutaja. Mchezo wangu hakuna aliyeuliza.

Sasa Baba anaingia ukumbini na mkongojo wake kumtazama mtoto niliyemzaa mimi. Anatazama kitu kilichotoka kwangu. Nikimtoa mtoto pale, atarudi dirishani, na mimi nitarudi kuwa yule anayeleta chai.

Fomu nimesaini jana.

Mdogo wako.


5 Mei

Wewe,

Umempeleka mwanao akatazamwe badala yako. Hilo ndilo ulilofanya, lipake rangi uipendayo.

Usiniandikie mpaka hiyo fomu ichanwe.


30 Juni

Kaka,

Fomu haijachanwa, na naandika. Una haki ya kukasirika. Haki ya kuninyamazisha huna. Wewe ulipanda basi, mimi nikabaki kukanda magoti.

Ulichoandika kilinichoma, na kimekaa kwangu wiki nane kama mwiba wa samaki kooni. Nilitaka nikutukane, nikachana barua tatu. Hii ya nne siandiki kujitetea. Naandika kwa sababu ya mambo ya Ijumaa, na sina mwingine wa kumweleza.

Ijumaa Kiroboto hakufika mazoezini. Baba alisubiri mlangoni pa ukumbi saa nzima, kisha akanipigia simu kiwandani. Nikaacha sindano kwenye mgongo wa kitabu nikatoka mbio na aproni yangu. Unajua mawazo ya mama yanavyokimbia. Nilipofika shuleni nilikuwa nimeshamzika mara mbili.

Mwalimu wa kwaya akaniambia, "Alikuwa hapa. Ameimba wimbo mmoja, halafu akampa mkono kila mtoto, wote thelathini na mmoja, akaondoka. Nilidhani mnahama." Nikaenda uwanjani. Watoto wa mpira wakasema amedaka kidogo, amefungwa mawili, kisha akawapa mkono akaenda zake. Kwenye chumba cha kuchorea nikakuta mwalimu anaosha brashi. Akasema Kiroboto ameomba michoro yake ibaki ukutani kama hatajali, "maana sitakuwepo."

Nilimkuta bustanini. Amechuchumaa kwenye nyanya zake, begi mgongoni, anaongea.

Nikamwambia, "Wewe mtoto, unafanya nini? Babu yako karibu azimie!"

Akageuka, hana hata wasiwasi. "Naaga, Mama."

"Unaaga nini?"

"Fomu imesema nisiwe na kitu kingine chochote. Sasa naaga vyote."

"Nani kakusomea fomu?"

"Nimesoma mwenyewe, nakala iko kwenye kabati la vikombe." Akazigeukia nyanya zake. "Ngoja, nimebakiza watatu."

Nikasimama nikangoja. Ningefanya nini? Nilisimama kwenye matope na viatu vya kazini mpaka akawamaliza wale watatu, kila mmoja kwa jina lake. Hakulia. Ningependa alie. Alifanya kama mtu aliyetumwa kazi na anataka kuimaliza vizuri, kwa mpangilio, asiruke hata mmoja. Njiani akaniuliza kama kule bweni kuna dirisha.

Wiki nane nilikuwa naiona kama kesi kati yangu na wewe na Baba. Sikuwahi kufikiri kwamba yule mwenyewe ameshaisoma hukumu na ameanza kuitumikia.

Sikuulizi tena kuhusu mtoto. Nakuuliza kuhusu wewe. Kwa nini uliondoka siku ile? Miaka ishirini na miwili, kaka. Niambie mimi, kama si mwingine.

Mdogo wako.


9 Julai

Mdogo wangu,

Kwanza nifute niliyoandika mwezi wa tano. Hayafutiki, najua, yameshasomwa. Basi yabaki, ila ujue mwandishi wake ana aibu. Habari ya hakimu sikuwa naijua. Sikujua kulikuwa na mchezo, wala joho, wala sweta. Miaka yote hii nimeamini kwamba katika nyumba ile aliyeumia ni mimi peke yangu.

Umeuliza kwa nini. Nimeanza sentensi hii mara kumi, nimekwenda kazini, nimerudi, nimeianza tena.

Watu wakisikia kijana alikimbia nyumbani wanatafuta kipigo. Baba hakuwahi kunipiga. Kunikaripia pia, sikumbuki. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa na boksi la redio mbovu chini ya kitanda, unalikumbuka? Nilikuwa nazifungua. Siku moja nikakuta halipo. Akaniambia kwa upole amempa mtu anayelihitaji zaidi, mimi mkono wangu unahitaji kulindwa usikatwe na bati. Na nikakubali, kwa sababu aliponiambia alikuwa ameushika mkono wangu. Hilo ndilo jambo, dada. Baba alinipenda mezani. Mezani alikuwa anacheka, ananiita majina ya mzaha, ananifuta jasho na shati lake. Tukitoka mezani hakuwa na neno. Tulikuwa tunatembea kurudi nyumbani kama watu wawili waliokutana kituo cha basi. Basi nikawa sitoki mezani.

Sasa fainali. Tulikuwa seti ya mwisho, kumi na nane kwa kumi na nane. Mpinzani wangu alikuwa kijana mnene, soksi moja imeshuka, wala hakutegemewa kufika pale. Akapiga mpira kwenye wavu. Pointi kubwa kuliko zote, nikawa na kumi na tisa. Na yeye akacheka. Akacheka mpaka akashika magoti, akamwambia kocha wake, "Umeona ujinga huo?" na kocha naye akacheka. Nikamtazama kama unavyomtazama mtu anayeongea lugha usiyoijua. Nikajiuliza, hivi mimi hiki kitu nakipenda? Nikatafuta jibu, kama mtu anayepapasa swichi ya taa kwenye chumba kigeni. Sikulipata. Mwamuzi akaniambia nianze. Nikaona siwezi kupiga mpira mwingine hata mmoja kabla sijajua. Nikaiweka raketi. Sikuichukia, ndiyo maana niliiweka taratibu.

Mpaka leo sijajua. Kwenye jengo moja ninalohudumia kuna meza chini, wafanyakazi hucheza mchana. Nikiwasikia natafuta kazi ya juu ya paa.

Miaka miwili ya kwanza huku ilikuwa mibaya. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilijua kitu kimoja tu duniani na sikukitaka. Nilibeba zege mpaka fundi mmoja aliponipa spana. Lakini nikuambie ukweli wote, usije ukachukua nusu: mikono yangu ni ya Baba. Nasikia waya unaochoka kabla haujakatika. Naweza kukaza kitu kilekile mara sitini bila kuchukia. Hayo sikuzaliwa nayo. Kwa hiyo sikuambii mtoto aache, na sikuambii aendelee. Nasema kuna swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na nilipojiuliza mwenyewe nilikuwa nimechelewa.

Kurasa hizi ukitaka msomee Baba. Sijaandika barua mbili tofauti. Ukiona hazifai, zichome.

Kaka yako.


26 Julai

Kaka,

Nimemsomea.

Nilikaa nayo siku mbili kwenye begi la kazini. Jumapili baada ya chakula nikamwambia Baba, kuna barua. Akauliza, "Ya klabu?" Nikamwambia, "Ya mwanao." Akaomba nimsogezee kiti mbali na dirisha, kelele za barabarani zinamsumbua. Nikasoma yote, na ile habari ya mezani, na boksi la redio, sikuruka kitu. Nilikuwa natazama karatasi tu, sikuthubutu kuinua macho.

Nilipomaliza akasema, "Hapo kwa yule aliyecheka. Rudia."

Nikarudia.

"Namkumbuka," akasema. "Soksi moja chini. Nilikasirika naye. Nikasema huyu anachezea nafasi ya watu." Kisha akasema, "Ningemuuliza. Mwambie kaka yako ningemuuliza. Haikunijia kwamba ni kitu cha kuuliza."

Akamwita Kiroboto. Akaja mbio, mikono ina rangi. Baba akamkalisha mbele yake, akasafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia, na hotuba ikamkimbia. Akauliza, "Mpira wa meza, unaupenda?"

Mtoto akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

"Napenda Jumanne na Alhamisi," akasema.

Baba hakuelewa. "Jumanne na Alhamisi kuna nini?"

"Kuna mpira wa meza. Siku nyingine napenda vingine."

"Na mimi nikiwa nataka Jumatatu?"

Akafikiri. "Jumatatu uje kwaya."

Jumatatu Baba akavaa, akachukua ile nakala ya fomu kutoka kwenye kabati la vikombe, akaenda nayo klabu mwenyewe. Hakutaka nimsindikize. Aliporudi akasema tu, "Nimewaambia Jumanne na Alhamisi," kwa sauti ya mtu aliyetoka kwa daktari na anakariri dozi.

Usidhani hapa sasa tunapiga vigelegele. Nafasi yake ilipewa mtoto mwingine kabla jua halijazama, na huyo mtoto ni mmoja wa waliokuwa wanafungwa na Kiroboto. Kiroboto aliposikia, alilia siku mbili. Akaniambia, "Mmempa kitu changu!" Nikamkumbusha alichosema, akajibu kwamba yeye alisema siku, hakusema wampe mtu. Nina wasiwasi, kaka, sitakuficha. Huenda alikuwa na kitu kikubwa kweli, cha mmoja katika elfu, na sisi tumekigawa kama keki ya shule. Hatutajua. Nikiwa kwenye meza ya kushona nalifikiria hilo mpaka najidunga. Kiwiko kimepoa. Jumanne alicheza akamfunga kijana wa miaka kumi na mbili, akarudi nyumbani anaimba, nikashindwa kujua nifurahi au nijute.

Baba naye hizo siku nne zilizobaki zimempwaya. Anazunguka nyumba, anafungua makabati, anauliza hiki cha nini. Kwaya amekwenda kweli. Alikaa mwisho wa ukumbi na mkongojo wake na akapiga makofi katikati ya wimbo, akidhani umekwisha.

Sasa hili ndilo la kwangu. Jana jioni nilikuwa naosha vyombo. Akaja, akavuta kiti cha jikoni, akakaa akinitazama mimi. Akasema, "Na wewe?"

"Mimi nini, Baba?"

"Wewe ulikuwa unapenda nini?"

Kwanza nilipatwa na hasira, kaka, hasira ya kutaka kuvunja sahani niliyoshika. Miaka thelathini na sita, ndio unauliza leo, mikono yangu ikiwa kwenye sabuni! Nikafungua mdomo nimwambie kuhusu joho la pazia na viti viwili. Nikamwambia. Yote, bila kugeuka, nikiangalia bomba. Hakujitetea. Aliuliza tu, "Hakimu aliamua nini?" Na mimi, niliyekuwa na mistari arobaini, sikukumbuka. Nikamwambia anipe mpaka Jumamosi. Kesho ndiyo Jumamosi, na asubuhi hii ameshapita mara mbili mlangoni pangu akikohoa.

Amesema jambo moja zaidi, na amenituma niliandike kama lilivyo. Kwako hataki kuandika, hataki na mimi nimwandikie. Anataka akuulize kwa mdomo wake. Shemeji yako ameulizia mabasi: kuna la Jumatano tarehe ishirini na moja mwezi ujao, linafika huko saa kumi alasiri. Nimemwambia safari ni ndefu kwa mguu ule, akanijibu mguu ni wake. Kiroboto amesema naye anakuja, kama si Alhamisi, na nimemweleza kwamba akifika Jumatano ni lazima Alhamisi imkute huko. Bado anafikiria.

Kama hutaki, niandikie upesi, nitajua namna ya kumweleza. Kama unataka, usijibu. Nenda tu stendi.

Mdogo wako.